Katibu wa Kundi la Maombi

Habari za uvimbe wangu wa kizazi zilinifikia kazini, zikiletwa na mteja. Nilikuwa nasimamia mapokezi kwenye hoteli moja ya makontena kando ya mto, Juba, na asubuhi hiyo mhandisi mmoja Mkenya, mpangaji wetu wa muda mrefu, alikuja kuacha ufunguo. Aliuweka juu ya kaunta, akainamisha kichwa, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Dada, pole sana. Tunakuombea."

Nikamuuliza pole ya nini.

"Ya uvimbe," akasema, kwa sauti iliyowafanya hata wazungu wawili waliokuwa wakinywa chai pale nyuma wageuke kututazama. "Usiogope. Shangazi yangu alikuwa nao, mkubwa kama papai. Waliutoa, na sasa analima."

Nilimshukuru. Ungemjibu nini mtu kama huyo? Alipotoka nikafungua simu, nikaingia kwenye kundi la ushirika wetu wa Jumapili, kundi la Wakenya na Waganda tuliokuwa tukisali pamoja, na hapo nikajisoma. "Bwana asifiwe wapendwa. Tumkumbuke dada yetu mmoja wa mapokezi ya hoteli, sitamtaja jina, anaenda Kampala wiki ijayo kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Umekuwa ukimtoa damu nyingi. Tuombe pia kwa ajili ya mumewe, maana bado hawajapata mtoto." Chini yake mlolongo wa Amina, na mtu mmoja aliyeuliza kama ni yule dada mrefu au yule mwingine. Akajibiwa: mrefu.

Jioni, nilipofika mtaani kwangu New Site, Mganda aliyekuwa akiuza chapati kwenye kona yetu alinipungia mkono wenye unga. Alikuwa na simu ya tochi, hana kundi lolote. "Mama, mimi nasikia wewe iko na kitu kwa tumbo," akasema. "Mimi iko na dawa ya miti, mzuri sana."

Aliyeandika ni katibu wa ushirika, dada mmoja mfanyakazi wa benki, Mkenya mwenzangu, na ndiye mtu mmoja tu niliyekuwa nimemweleza. Nilimweleza kwa sababu nilihitaji mtu wa kunishikia darasa la watoto Jumapili mbili. Hata sikutaka kusema ugonjwa. Ila Katibu alikuwa na namna ya kukushika kiwiko na kukuuliza "lakini uko sawa kweli?" mpaka ukajikuta unazungumzia damu.

Nilimfuata nyumbani kwake, mtaa wa Buluk. Alinikaribisha vizuri, akanikalisha, akaniletea soda ya baridi, akanisikiliza bila kunikatiza.

"Dadangu, maombi hayana siri," akasema nilipomaliza. "Na sikukutaja jina."

"Ulisema mapokezi. Ulisema mrefu."

"Nilisema mrefu baada ya kuulizwa. Singeweza kumdanganya mtu wa Mungu."

Mtu asidhani Katibu hakuwa na adabu. Kwa adabu, hakuna aliyemfikia. Kundi lile lilikuwa lake, na sheria zake alizibandika humo kila mwezi kama tangazo la kodi. Salamu kwanza kabla ya shida. Hakuna siasa. Hakuna biashara. Hakuna picha za chakula, kuna watu wanafunga. Fundi mmoja aliandika siku moja, bila salamu, kwamba mkewe amejifungua salama. Katibu akamrudi mbele ya watu wote kwamba tunaanza na Bwana asifiwe, ndugu. Yule bwana akaandika upya tangu mwanzo, na mtoto akazaliwa mara ya pili, safari hii kwa utaratibu.

Kwa hiyo chini ya kivuli cha Bwana asifiwe tulijua mambo ya ajabu. Tulijua ni mume wa nani amehamia kwa Mhabeshi. Tulijua nani alikutwa na virusi, kwa kuwa tuliombwa tumwombee "ndugu mmoja dereva wa gari la maji la kijani." Tulijua mchungaji wetu ana bawasiri. Siku ya mahubiri yaliyofuata hakuna aliyesikia neno. Sote tulikuwa tukitazama jinsi anavyoketi.

Na niseme hili pia, maana ni haki yake: niliporudi kutoka Kampala, Katibu ndiye aliyenifulia nguo. Alikuja na uji kwenye chupa ya chai siku kadhaa mfululizo, akipanda pikipiki kutoka Buluk hadi New Site kwenye lile jua na lile vumbi. Alinisaidia kuoga. Alinipiga picha nikiwa usingizini, mdomo wazi, akaituma kwenye kundi kama ushuhuda.

Nilikokuwa nikiishi New Site ilikuwa ploti ya mama mmoja mwenyeji, aliyerudi nchini uhuru ulipokaribia baada ya miaka mingi ya ukimbizi Kenya. Kiswahili chake kilikuwa cha Kitale hasa. Alinisahihisha mara moja nilipochanganya majina ya vijiji vya huko kwetu. Alijenga vyumba vya matofali kuzunguka ua, akatupangisha Wakenya na Waganda, na yeye na wanawe wanne wakakaa chumba cha karibu na geti. Mumewe alikuwa mkoani, kazini. Kazi gani, hakuna mpangaji aliyejua, na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi ya mara moja.

Mimi nilithubutu mara moja. Tulikuwa tumeketi chini ya rakuba, kile kibanda cha nyasi ambacho kila ua wa Juba unacho kwa ajili ya kivuli, akichambua mboga.

"Mama, baba watoto yuko jeshini?"

"Wewe mumeo yuko wapi?" akauliza.

"Nakuru."

"Nyumba gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Unaona," akasema, "hata wewe hupendi. Kule kambi ya wakimbizi mtu akikuuliza una watoto wangapi, unamwuliza kwanza yeye ametumwa na nani."

Katibu alipokuja kunitembelea alimpenda mama huyu papo hapo, hasa kwa kile Kiswahili. Akaomba namba yake, na kabla hajafika nyumbani akawa amemwingiza kwenye kundi, bila kumwuliza. "Tumkaribishe mama yetu wa New Site, mwenye ploti, mumewe ni afisa, tumwombee." Habari ya afisa aliitoa wapi, sijui. Mama aliniletea simu, akanionyesha. Nikamwambia anaweza kutoka. Akafikiri, akasema akitoka wataandika kwamba ametoka. Akabaki, akisoma, bila kuandika hata Amina.

Huo ndio mwaka uliomalizikia kwa risasi. Desemba, nchi ikiwa bado na uhuru mpya mpya kama kiatu kinachobana, wakubwa waligombana na wanajeshi wakagawanyika, na sisi wa New Site, karibu na kambi ya jeshi, tukakesha sakafuni. Kulipokucha ikajulikana kwamba watu wa kabila la mama mwenye ploti wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Sikuambiwa na redio. Nilimwona jirani wa mbele akitolewa, amevaa kaptura ya kulalia, na sikumwona akirudi.

Siku milio ilipopungua, gari la hoteli la kubeba nguo za kufua likaja kunichukua. Nikampigia Katibu nimweleze kwamba nina mama na wanawe wa kuficha, kwamba hotelini hawatapokea mtu asiye mgeni wala mfanyakazi, na kwamba barabara ya kwenda kambi ya walinda amani inasemekana ina vizuizi vingi. Sikuwa nimemaliza.

"Waleteni kwangu," akasema. "Wote. Stoo ni kubwa."

Hakuuliza nini kitampata. Kuna watu waliojua kunyamaza vizuri sana, wenye adabu zote za mtandaoni, ambao siku hiyo walizima simu. Yeye hakuizima.

Mama na wanawe wakalala nyuma ya gari, chini ya mashuka. Kwenye kizuizi askari mmoja kijana, macho mekundu, aliuliza kwa Kiarabu cha Juba tumebeba nini. Dereva wetu, Mganda mzee kidogo, akajibu ni mashuka ya wageni, wageni wanaharisha, hoteli nzima wanaharisha. Askari alikuwa ameshapenyeza mtutu wa bunduki kwenye rundo. Akauchomoa, akaupangusa kwenye suruali, akatuambia twende. Hakuna mtoto aliyepiga chafya. Mpaka leo sijui waliwezaje.

Nyumba ya Katibu ilikuwa ya kupangishiwa na benki, na wenzake wote walikuwa wameshaondoka. Alitupokea kwa chai. Alimkumbatia kila mtoto, akatandika magodoro stoo, kati ya magunia ya unga na jenereta bovu, akafunga mlango na kuuwekea kabati mbele, akabakiza upenyo wa mtu kupita. Aliyafanya yote hayo kwa ustadi, bila kelele, nikasema moyoni kwamba nilikuwa nimemhukumu vibaya huyu dada. Akaketi kwenye kochi, akavua viatu, akachukua simu. Nilidhani anamwandikia mamake.

Simu yangu ikalia. "Bwana asifiwe wapendwa," nikasoma. "Tumshukuru Mungu. Ninaomba tumwombee mama mmoja na watoto wake wanne, sitamtaja jina, niliowaficha stoo nyumbani kwangu hapa Buluk, geti la bluu nyuma ya duka la simenti, kwa wale wanaopajua. Kabila silitaji lakini mnaelewa. Mungu awafunike."

Nilisoma tena nikidhani nimekosea. Simu zetu mbili zikawa zinalia kwa zamu. Amina. Amina. Awafunike kwa damu yake. Mtu akaandika kwamba ameupeleka ujumbe huo kwenye kundi la ukoo ili nao waombe. Mwingine ameupeleka kwa watu wa kazini. Mwingine akauliza kama ni geti la bluu lenye mchoro wa samaki au lile lisilo na mchoro, na kabla sijavuka chumba Katibu alikuwa ameshaanza kuandika jibu. Nikamshika mkono.

"Unafanya nini?"

"Nawaomba watu waombe," akasema, na sura yake ilikuwa safi kabisa, kama ya mtu aliyetoka kuoga. "Wakiomba wachache na wakiomba wengi si sawa."

Kabati likasogea. Mama mwenye ploti akatoka stoo na simu yake mkononi, unga umemjaa begani. Alikuja mpaka mbele ya kochi, akasimama.

"Katibu, nimeona unaniombea."

"Ndiyo, Mama. Usiogope. Sikukutaja jina."

"Hukutaja. Umetaja mlango."

Katibu akainamia simu yake. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona akiusoma ujumbe wake mwenyewe. Aliusoma kwa midomo, neno kwa neno, na alipofika kwenye duka la simenti akaacha kusoma. Akabonyeza, akabonyeza tena.

"Nimefuta. Mama, nimefuta, angalia."

Mama akamgeuzia simu yake. Ujumbe ulikuwa pale pale, na Amina zimeongezeka. Siku zile ukifuta unafutika kwako tu. Kwa wengine wote neno linabaki lilivyotoka.

"Sasa niko stoo kwako na niko Nairobi na niko Kampala," mama akasema. "Hata kwa ukoo wa mtu nisiyemjua niko. Ndugu yangu wa damu nilikuwa sijamwambia."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Alirudi stoo akawavalisha watoto viatu, nami nikampigia dereva. Barabara tuliyoiogopa asubuhi, ile ya kambi ya walinda amani, ndiyo iliyobaki. Katibu alikuwa akitufuata nyuma kila tulikokwenda, akibeba vitu visivyohitajika, chupa ya maji, kanga, kopo la sukari, huku machozi yanamtiririka. Gari lilipofika, watoto walipokwisha kulala chini ya mashuka, akaomba tuombe kwanza kabla hawajaondoka.

"Omba," mama akamjibu, akipanda. "Lakini omba kimya."

Walifika. Dereva aliniambia baadaye kwamba kwenye kizuizi cha mwisho aliwaambia askari habari ileile ya kuharisha, na kwamba safari hii hakuwa anasema uongo kamili, kwa sababu yeye mwenyewe tumbo lilikuwa limemchafuka kwa woga. Mlangoni mwa kambi watu walikuwa wengi mno, wakipita juu ya migongo ya wenzao, na mama na wanawe wakaingia humo wakamezwa.

Kesho yake asubuhi, nikiwa bado kwa Katibu, geti la bluu liligongwa. Wanaume wawili, sare za jeshi, vijana wapole wa maneno. Walisalimia. Walituuliza tumelalaje. Mmoja akasema kwa Kiingereza kizuri kwamba wamesikia hapa kuna mama anahitaji msaada, na wao wamekuja kumsaidia. Katibu, aliyekuwa hawezi kumdanganya mtu wa Mungu, alimtazama usoni akasema hapa hapana mama yeyote. Wakaomba ruhusa ya kuangalia, wakaangalia. Stoo walikuta unga, jenereta, na ndala moja ya mtoto. Yule wa Kiingereza aliiokota, akaipindua, akairudisha ilipokuwa, akaipanga kabisa ikaelekea ukutani. Wakasema malesh, samahani kwa usumbufu, wakatoka, wakafunga geti polepole.

Sikujua, na sijui, kama kweli walitaka kusaidia. Walikuwa na adabu sana.

Katibu hakuandika kitu siku nzima. Siku iliyofuata ubalozi ulipotupeleka uwanja wa ndege, alipiga picha ya foleni, akaandika, "Tuko hapa kwa neema tu," na akawataja kwa majina wote waliokuwa mbele yetu, pamoja na bwana mmoja wa mashirika ya misaada aliyekuwa amesimama na msichana ambaye hakuwa mkewe. Bwana yule alipotua Nairobi alipokelewa vilivyo, nasikia, na mkewe.

Mwezi wa pili alinialika kanisani kwao, Nairobi, pale penye viti vya plastiki na spika kubwa kuliko watu. Sikujua nimealikwa kuwa kielelezo. Katibu alipanda mbele, suti ya zambarau, akatoa ushuhuda jinsi Bwana alivyomtumia kuokoa familia katika bonde la mauti. Alisimulia chai. Alisimulia magodoro na kabati. Watoto walikuwa wameongezeka, na mmoja alikuwa amekuwa mchanga wa kunyonya. Askari nao walikuwa kumi, na walipofika getini walipofushwa macho wasimwone mama aliyekuwa amesimama mbele yao. Ujumbe wa simu haukuwamo. Niliusubiri mpaka mwisho. Kisha akaniomba nisimame, nikasimama, na watu wakanipigia makofi, na mimi nikapunga mkono kama mtu aliyejishindia mbuzi.

Kufikia jioni ushuhuda ulikuwa kwenye ukurasa wake mtandaoni, na picha ya mama mwenye ploti, ile aliyompiga siku moja chini ya rakuba akichambua mboga. Sasa jina lake lilikuwapo, lote, la kwake na la baba yake. Vita vilikuwa bado vinaendelea.

Nilimpigia mama. Alikuwa ametoka kambini kwa njia zake, ameshavuka mpaka na watoto, na simu yake ilikuwa ikipatikana siku moja moja. Tuliongea habari za shule na bei ya mahindi. Mwishowe nikamwuliza kama ameona alichoandika Katibu.

"Nimeona."

"Umefanyaje?"

"Nimebonyeza kidole gumba."

Nikadhani sijasikia. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia aiondoe ile picha, kwa nini hakumwambia ukweli hata kidogo, hata kwa faragha.

"Faragha ya nani?" akasema. "Nikimwambia nimekasirika, ataandika kwamba nimekasirika. Na ataandika niko mji gani nilipokasirikia. Sasa hivi anadhani nimefurahi, na mtu akifurahi hakuna anayemwuliza yuko wapi."

Mtoto alikuwa akilia nyuma yake. Akamtuliza kwa lugha yao, akarudi kwangu.

"Alitupa chai," akasema. "Alitupokea bila kuuliza. Hilo pia nalikumbuka. Wangapi walitupokea?"

Akaniuliza kama nimetoka kwenye kundi. Nikamwambia bado, nilikuwa nafikiria kutoka leo au kesho.

"Mimi sitoki," akasema. "Mdomo kama ule ni afadhali uusikie mwenyewe kuliko kusimuliwa."

Salio likaisha, simu ikakatika. Niliketi na simu mkononi, na kabla sijaiweka chini ikalia: Bwana asifiwe wapendwa, tumwombee mchungaji, ameingizwa theatre kupasuliwa ile bawasiri.